Ile ya Mifupa, Siyo Ile Nyingine ya Mifupa

Mie nauza vitabu vya mitumba hapa Mombasa, upande wa Mwembe Tayari, na katika mzigo wote ninaopanga pale mezani hakuna vinavyonipa maneno kama riwaya za fantasia, zile za majoka na wachawi na falme zisizokuwepo zenye ramani kurasa za mwanzo. Vitabu vya shule havina maneno, mtoto katumwa na karatasi, mzazi analipa, kwisha. Riwaya za mapenzi nazo zauzwa na picha ya kava, mwanamume kavua shati basi biashara imefungwa. Fantasia sivyo. Pale kwangu vitabu vimesimamishwa mgongo kwa nje ndo vitoshe, kava halionekani, kwa hivyo kitu cha kwanza mteja atakachokiona ni jina, na mara nyingi ndo cha mwisho pia manake lisipomvuta hatii mkono. Rangi ya mgongo usiitegemee, jua la pale mjini likipiga kaskazi moja tu nyekundu imeshakuwa pinki.

Basi kwa kukaa na hayo majina kutwa nzima, nikiyasoma kichwa upande, nimekuwa na maoni yangu. Si maoni ya profesa. Ni ya mtu anayejua kipi kimeganda mezani tangu Ramadhani ya mwaka jana na kipi hakilali.

Kipimo changu kikubwa ni hiki: je, mtu aweza kukiulizia kitabu akiwa nusu ya jina imemtoka? Manake hivyo ndo watu wanavyokuja. Hakuna anayekuja na jina zima. Kaliona TikTok, kalisikia kwa rafiki, kalisoma kwenye begi la mtu ndani ya matatu, akifika kwangu lishamwagika nusu.

Kuna binti mmoja wa chuo alinijia jioni, niko katika kufunika meza, ananiambia, "Shikamoo mjomba, unacho kile kitabu cha mifupa?"

"Marahaba mwanangu. Mifupa ya udaktari?"

"La, cha hadithi. Jina lake lina mifupa na kitu kingine. Kivuli? Ama moshi. Ama damu, sikumbuki."

Sasa wewe msomaji waweza kucheka lakini hilo swali ni gumu wallahi. Kuna Shadow and Bone ya Leigh Bardugo ya 2012, kuna Daughter of Smoke and Bone ya Laini Taylor ya 2011, kuna Children of Blood and Bone ya Tomi Adeyemi ya 2018, na ukitaka mifupa mitupu bila kitoweo kuna City of Bones ya Cassandra Clare ya 2007. Vivuli, moshi, damu, vyote alivyovitaja vipo na vyote ni vitabu tofauti na vyote vimeuzwa dunia nzima. Nikamtolea nilivyokuwa navyo nikampangia, akavitizama, akashindwa. Mwisho akakumbuka aliona picha ya msichana mwenye nywele nyeupe, hapo nikajua ni ya Adeyemi, yule dada mwenye asili ya Nigeria, nikamtafutia.

Na kitabu chenyewe ni kitamu, kina miungu ya Kiyoruba na uchawi uliofutwa na mfalme, kitu ambacho hukipati kwenye hivyo vingine. Lakini jina halikwambii lolote la hayo. Jina lingekaa juu ya kitabu chochote. Na walipokuja ndugu zake wawili, Children of Virtue and Vengeance na Children of Anguish and Anarchy, hata mie mwenye meza lazima nigeuze ndani nione kipi chatangulia, manake jina halisemi, yaani unamuuzia mtu cha tatu akidhani ni cha pili halafu kesho yuaja na sura ya kukunja.

Hii mashine ya "kitu cha kitu na kitu" imetuzidi sasa. Mwenye kuipandisha juu kabisa ni Sarah J. Maas na A Court of Thorns and Roses ya 2015, kisha ikaja ya ukungu na ghadhabu, ya mabawa na maangamizi, ya barafu na mwanga wa nyota, na wenzake wote wakaruka ndani. Mimi sina ugomvi na dada huyo, vitabu vyake vyanilisha, wasichana wa Nyali wakishuka mjini hawatafuti kingine. Ila sikiliza wanavyouliza: "Mjomba, una akota?" Nilipoanza kulisikia sikuelewa kabisa, nikadhani ni jina la simu. Kumbe wamechukua herufi za mwanzo, ACOTAR, wakafanya jina jipya. Yaani jina la kitabu lilikuwa refu na lateleza kiasi kwamba wasomaji wenyewe, tena wanaolipenda, wamelitupa wakajitungia la mkato! Ukiniuliza mie hiyo ni hukumu tosha, na ilitolewa na mashabiki si maadui.

Sasa mtu ataniambia, mbona George R. R. Martin naye ni hivyo hivyo? A Game of Thrones 1996, A Clash of Kings, A Storm of Swords, halafu A Feast for Crows 2005, A Dance with Dragons 2011. Fomula moja toka mwanzo mpaka mwisho. Kweli. Lakini fomula si tatizo, tatizo ni maneno yasiyobeba mzigo. Mimi hufanya hivi: natoa neno moja naweka lingine, nione kama kuna kitu kimeanguka. Toa miba weka mifupa, toa waridi weka majivu, kitabu cha Maas kiko pale pale, hakuna aliyeumia. Lakini karamu ya kunguru, hebu toa kunguru uweke njiwa. Kitabu kimekufa. Kwa sababu karamu ya kunguru yakwambia vita imepita, watu wamelala chini hawajazikwa, na anayeshiba saa hizi si mfalme yeyote. Maneno machache tu na umeshaona uwanja mzima.

Na hapa Mombasa ndo kabisa, nani hamjui kunguru? Kunguru wa huku hana adabu, yuakaa juu ya paa la Marikiti akivizia mwenye kubeba nyama, umegeuka kidogo kashachukua na kakutukana juu. Ndo maana hicho kitabu na kile cha Bardugo, Six of Crows cha 2015, vijana wa pale kwangu wanavishika bila kuelezwa. Kuna mmoja mbeba mizigo, Kiingereza chake cha kubahatisha, aliusoma ule mgongo akaniambia, "Hawa ni wezi sita, sivyo?" Nikamwambia ndiyo, ni wezi, umejuaje? Akaangalia juu tu kwenye waya za stima.

Tena ona kilichompata Martin. Mfululizo wake una jina rasmi, A Song of Ice and Fire, zuri tu, lakini hakuna mja aliyewahi kuniulizia kwa jina hilo. TV walipoanza kuonyesha 2011 walichukua jina la kitabu cha kwanza wakakata ile A ya mbele, likameza vyote. Watu wakaamua viti vya enzi vina mchezo, barafu na moto kaa nayo mwenyewe.

Nina mwalimu mmoja mstaafu wa Makadara, yuaja pale baada ya alasiri, hanunui sana lakini nampenda, hubishana. Ubishi wetu mkubwa ni Tolkien. Yule mzee wa Uingereza hakupenda kabisa jina la kitabu cha tatu cha The Lord of the Rings, The Return of the King, cha 1955. Yeye aliandika hadithi moja ndefu, wachapishaji wakaikata vitatu kwa sababu za gharama, karatasi ilikuwa ghali baada ya vita, na hilo jina la tatu akalalamika kuwa latoboa siri, mtu hajafungua ameshajua mfalme atarudi. Yeye alitaka The War of the Ring.

Mimi nasema mzee alikuwa na haki. Mwalimu hataki kusikia. Yeye ananiambia, "Wewe kijana, kwani ukienda kusikiliza utenzi wa Fumo Liyongo hujui kama atakufa? Hujui atachomwa sindano ya shaba kitovuni, tena na mwanawe? Wajua toka utotoni. Mbona wakaa mpaka mwisho?" Na hapo hunikwamisha kidogo, manake ni kweli, sie huku tumelelewa na hadithi ambazo mwisho wake unajulikana na bado bibi akisema paukwa unaitikia pakawa na macho yamekutoka. Lakini nami nina jibu langu, kwamba kwa bibi hulipi. Mtu aliyetoa mia mbili zake kwa kitabu cha tatu, kashavuka viwili vyenye kurasa hizo zote, ana haki ya kutojua. Mwalimu husema hiyo ni akili ya duka. Sawa, na mie nna duka.

Ila tunakubaliana kwa jina la jumla, The Lord of the Rings. Watu wengi hulisoma wakadhani huyo bwana wa pete ni mmoja wa mashujaa, Gandalf au yule mwenye taji, kumbe ni Sauron, adui, ambaye hata hatokei uso kwa uso kitabu kizima. Kitabu kimepewa jina la mtu asiyeonekana! Na ndo maana kila ukurasa wahisi kuna mtu yuko. Mwalimu akilieleza hilo hushusha sauti wateja wengine wakageuka, nimeuza seti nzima kwa sababu ya hiyo sauti yake na sijampa kamisheni.

Kitu kingine ambacho mtu wa duka la vitabu vipya hakijui ni kwamba mitumba huja imechanganyika, bunda hili la Uingereza, lile la Marekani, na hawa ndugu wawili hupenda kubadilishana majina. Northern Lights ya Philip Pullman ya 1995 kule Marekani ni The Golden Compass. Kitabu kile kile, neno kwa neno karibu. Harry Potter wa kwanza, 1997, Uingereza ana jiwe la mwanafalsafa, 1998 akivuka bahari limekuwa jiwe la mchawi, manake mchapishaji wa kule aliona falsafa itawakimbiza watoto. Baba mmoja alichukua zote mbili za Pullman kwa mpigo, akaona mwandishi ni mmoja akadhani ni sehemu ya kwanza na ya pili, bintiye akamrudishia kesho yake na maneno. Nikambadilishia, ndo biashara, na tangu siku hiyo nazifunga na raba pamoja na kikaratasi juu: NI KITU KIMOJA.

Na hapo, samahani kwa Waingereza, la Marekani lashinda mezani. Najua, najua, ile dira kitabuni si dira, ni chombo cha kukwambia ukweli, kwa hivyo jina lenyewe lapotosha. Lakini mtu wa mji wa bahari akiona dira ya dhahabu mkono waenda wenyewe. Northern Lights nimeona mtu anaishika, anaisoma nyuma nusu, anairudisha, anasema, "Ah, nilidhani cha watalii."

Jina ninalolihusudu kuliko yote pale mezani lakini ni la zamani, 1950, C. S. Lewis: The Lion, the Witch and the Wardrobe. Hakuna damu, hakuna kiti cha enzi. Simba kila mtu ana wake, mchawi ndo usiseme, huku kwetu kila mtaa una mmoja anayesingiziwa. Lakini kabati? Kabati lafanya nini na simba? Ni hilo kabati ndo linauza. Limewekwa mwisho makusudi, umeshazoea mambo makubwa halafu unaletewa kitu kilichoko chumbani kwa mama yako chenye mashuka na karafuu. Toa kabati uweke upanga uone jinsi jina linavyokuwa la bure. Waandishi wa siku hizi wanaogopa kabati, wanataka kila neno liwe zito, likingurumishwa radi nyuma.

Majina ya watu ni kamari. Utendi wa zamani uliitwa kwa jina la mtu na ikatosha, manake msikilizaji ashamjua. Lakini Piranesi ya Susanna Clarke, 2020, kitabu cha ajabu, nimekaa nacho mpaka nikakisoma mwenyewe, watu walikuwa wanauliza kama ni dawa. Upande wa pili The Adventures of Amina al-Sirafi ya Shannon Chakraborty, 2023, haikumaliza wiki. Mama mmoja wa Mji wa Kale aliyekuja kutafuta atlasi ya mtoto aliliona hilo jina akasimama. "Amina huyu wa wapi?" Nikamwambia ni nahodha wa majambazi wa bahari, mama mtu mzima amestaafu, karne ya 12, bahari hii hii yetu. Akasema, "Mwanamke Mwislamu, jambazi?" Nikasema ndiyo bi mkubwa. Akalipa hata bei hakupunguza, atlasi kaisahau.

Sasa tuje kwetu, manake hapa nna uchungu. Shaaban Robert alikuwa na jicho la majina akitaka. Kusadikika, 1951, nchi iliyo angani, neno moja na umeshaingia. Halafu huyo huyo mwaka uliofuata akatoa Adili na Nduguze. Jamani. Mle ndani kuna liwali ambaye kila usiku hushuka kuwachapa nyani wawili mijeledi, akimaliza analia nao anawapa chakula, na hao nyani ni ndugu zake waliogeuzwa kwa sababu ya husuda. Kuna mwandishi wa leo duniani akiwa na hao nyani angewaficha? Lakini jina limekaa kipole, mtu adhani ni kitabu cha maadili cha darasa la nne. Nikitaka kukiuza lazima nisimulie hao nyani kwa mdomo. Nikishasimulia chaondoka.

Katama Mkangi wa huku huku pwani naye alifanya kitu kizuri na Walenisi, 1995. Mtu yuasafirishwa akauawe anajikuta nchi nyingine kabisa, na jina la hiyo nchi mteja hulisoma kwa sauti pale pale, wa-le-ni-si, halafu unaona uso umebadilika. Sijawahi kumweleza mtu. Hulitatua mwenyewe na akishalitatua hakirudishi mezani, ni wake.

Haya yote nayasema kwa sababu mpwa wangu anaandika. Mtoto wa dada yangu, yuakaa Likoni, anaandikia kwenye simu akiwa anasubiri kuvuka. Hadithi yenyewe nzuri: kuna feri ya saa tisa za usiku na kuna abiria mmoja hashuki, feri yafika Likoni watu wanashuka, yarudi kisiwani watu wanashuka, yeye yuko pale pale kwenye reli, na kila siku amevaa nguo za mtu aliyevuka jana. Nilisoma usiku nikafunga dirisha. Kisha naangalia juu kaipa jina "Ufalme wa Damu na Mawimbi".

"Ufalme uko wapi humu?" nikamuuliza.

"Mjomba, fantasia lazima iwe na ufalme."

"Na damu?"

"Damu ipo, sura ya pili."

"Hiyo ni ya pua!"

Akanuna. Tukakaa na karatasi tukaandika mengine. Feri ya Saa Tisa. Nguo za Jana, hilo lilikuwa langu na bado nalipenda. Abiria Asiyeshuka. Na hilo la ufalme wake tukaliacha kwenye orodha asije akasema nimemwonea. Akapita muuza kahawa na dele lake, tukamsomea yote mara moja tu, tukanunua vikombe viwili akaenda zake mpaka Kibokoni huko. Aliporudi magharibi kukusanya vikombe nikamuuliza, katika yale majina tuliyokusomea umeshika lipi?

Akafikiria. "Ile ya jamaa hashuki."

Hakulisema sawa, hakukumbuka abiria, lakini kitabu kingepatikana. Angekuja mtu mezani kwangu akasema nataka ile ya jamaa hashuki ningekitoa bila kutafuta. Hilo la ufalme nikamkumbusha, akasema, "Lipi? La kanisani?"

Mpwa wangu hajakubali mpaka leo. Anasema Abiria Asiyeshuka lasikika kama habari ya polisi, watu hawatajua ni fantasia, na sasa kaja na wazo jipya, tuweke hilo juu halafu chini yake kwa herufi ndogo "Kitabu cha Kwanza cha Hekaya za Damu na Mawimbi". Nimemwambia aweke, mimi sina neno, ila kwenye mgongo hayo ya chini hayataingia.